Geuza Chombo Kwanza: Namna ya Kuanza Kukusanya Vitu vya Kale vya Kijapani

Ukipewa sahani ya kale ya Kijapani mkononi, usianze na maua yaliyochorwa usoni. Igeuze. Uso ulipambwa ili ununuliwe, na anayeghushi naye hutumia nguvu zake zote usoni. Kitako hubaki vilevile tanuri lilivyokiacha, na huko ndiko umri wa chombo na maradhi yake yanakoonekana. Mimi hufanya hivyo kwa kila kitu, iwe kauri, picha, kasha au upanga: naanza na upande ambao haukukusudiwa kutazamwa. Anayeniuliza aanzie wapi kukusanya, namjibu hivyo kabla hatujazungumza habari za fedha.

Jambo la pili ni kuchagua kitu kimoja, tena cha matumizi ya nyumbani. Wengi hutaka kuanza na panga au vinyago vya pembe, na hapo ndipo bei kubwa na udanganyifu mkubwa hukutana. Mimi napendekeza sahani za inban. Hizi ni kauri za samawati na nyeupe zilizotengenezwa kwa wingi enzi ya Meiji (1868–1912) na Taisho (1912–1926), na picha zake hazikuchorwa kwa mkono bali zilihamishwa kutoka kwenye karatasi. Kwenye masoko ya mahekalu ya Kyoto, sahani moja ndogo bado unaweza kuipata kwa yeni elfu moja au chini ya hapo. Za namna ya kwanza zilipakwa rangi kupitia karatasi iliyotobolewa, kwa hiyo mistari yake hukatikakatika, maana karatasi ilihitaji vishikizo isije ikaachia vipande. Za namna ya pili zilitokana na bamba la shaba: mistari ni myembamba na imesongamana, na ukiizungusha sahani polepole utafika mahali karatasi mbili zilipokutana vibaya, tawi likaisha ghafla au ndege akakosa mkia. Ninazipenda sana sehemu hizo. Pale unamwona mfanyakazi mwenye haraka, na rundo la sahani likimsubiri.

Ukishazoea inban, panda hadi kauri za zamani za Arita, mji wa wafinyanzi kisiwani Kyushu. Jiwe linalosagwa kuwa udongo mweupe wa kauri lilipatikana Izumiyama, Arita, mwanzoni mwa karne ya 17, na kazi hiyo ilianzishwa na wafinyanzi waliotoka Korea. Vyombo vilisafirishwa kupitia bandari ya Imari, na kuanzia miaka ya 1650 kampuni ya Waholanzi ilivipeleka Ulaya kutoka Dejima, Nagasaki. Sasa shika sahani moja ya aina hiyo karibu na dirisha, kitako juu. Kwanza utaona pete ya kitako: ukingo wake hauna ng'aro, udongo uko wazi, na mara nyingine chembe za mchanga wa tanuri zimegandia hapo. Pitisha kidole. Pete iliyotumika miaka mingi huwa laini, lakini si sawasawa pande zote. Ikiwa imechakaa kwa kipimo kilekile kuzunguka chote, shuku msasa. Halafu tazama ndani ya pete. Kwenye sahani nyingi za Arita kuna vijialama vidogo, pengine kimoja katikati, pengine vitatu au vitano, kama nukta zilizokwaruzwa. Hayo ni makovu ya vikoni vya udongo vilivyoshikilia sahani tanuruni ili katikati isibonyee. Wachina hawakuwa na desturi hiyo kwa kawaida, kwa hiyo nukta hizo ni ushahidi mzuri wa Japani. Zikikosekana, usihukumu bado, kwa kuwa vyombo vidogo havikuzihitaji.

Huko huko kitakoni unaweza kukuta herufi sita zinazotaja enzi ya mfalme Chenghua wa China (1465–1487). Usishangilie. Wafinyanzi wa Arita walizinakili kama pambo la heshima, karne mbili na zaidi baadaye. Ukikuta neno NIPPON kwa herufi za Kilatini, hicho kilitengenezwa kwa ajili ya soko la nje: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai jina la nchi liandikwe kwenye bidhaa, na mwaka 1921 Wamarekani wakaanza kutaka JAPAN badala ya NIPPON. Alama hizo mbili pekee zitakuokoa na wauzaji wanaoita kila kitu "cha enzi ya Edo", yaani cha kabla ya Meiji.

Nyufa zitafute kwa sikio na kwa mwanga. Omba ruhusa, weka sahani kwenye ncha za vidole, igonge taratibu kwa ukucha: nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti butu. Tochi ya miale ya urujuani husaidia kuonyesha marekebisho ya kisasa, kwa sababu gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na kauri. Kasoro iliyofichwa ndiyo ya kukimbia. Chombo kilichoungwa kwa laka na dhahabu, kwa ufundi wa kintsugi, hakijamficha mtu kitu, nami hununua vya namna hiyo kwa furaha.

Kwa kauri ziitwazo Satsuma, jina la jimbo la kale la kusini mwa Japani, nitakuwa mkali kidogo. Duara lenye msalaba ndani yake, nembo ya ukoo wa Shimazu uliotawala jimbo hilo, limewekwa chini ya vyombo vingi ambavyo havikuwahi kukanyaga Satsuma. Vilipambwa Kyoto, Osaka na Yokohama kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Nembo hiyo isikuongezee hata yeni moja. Chukua lenzi utazame nyuso za watu waliochorwa. Kazi ya karakana ya Yabu Meizan (1853–1934) wa Osaka ina nyuso ndogo kuliko punje ya mchele, na kila moja ina macho na hasira au kicheko chake. Kazi ya haraka ina dhahabu nzito na nyuso zote za mtu mmoja. Ubora wa enzi ya Meiji si hadithi: amri ya mwaka 1876 iliyokataza kubeba panga hadharani iliwanyima riziki mafundi wa mapambo ya panga, wakageukia vyetezo, vasi na masanduku ya shaba na fedha.

Picha za ukiyo-e nazo zigeuze. Zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, juu ya karatasi ya nyuzi za mforosadi, na rangi ilisukumwa kwa kisugulio cha mkono kiitwacho baren. Kwa hiyo nyuma ya picha ya kweli rangi imepenya, na ukiilaza chini ya mwanga wa pembeni utaona mizunguko ya baren. Chapa ya mashine huonyesha vitone chini ya lenzi. Rangi zenyewe hutoa ushahidi pia. Samawati nzito ya Prussia ilienea katika picha hizi kuanzia miaka ya 1830 hivi, wakati wa wachoraji Hokusai na Hiroshige, kwa hiyo picha yenye samawati hiyo inayosemekana ni ya mwaka 1790 inahitaji maelezo. Kumbuka kwamba nakala zilizochongwa upya kwa mkono nazo zina baren na rangi iliyopenya. Hapo linganisha mstari kwa mstari na picha za makumbusho.

Kasha la mbao linaloandamana na chombo, liitwalo tomobako, lina thamani yake, na ndiyo maana makasha mazuri hutenganishwa na vyombo vyake na kuozeshwa vingine. Geuza kifuniko, kwani saini na mhuri wa msanii mara nyingi viko upande wa ndani. Kisha kiweke chombo ndani. Kikicheza, au alama zilizobaki kwenye kitambaa zisilingane na kitako chake, hawa wawili hawakuzaliwa pamoja.

Kuhusu masoko: hekalu la Toji, Kyoto, lina soko tarehe 21 ya kila mwezi, na Kitano Tenmangu tarehe 25. Fika mapema, na fedha taslimu, tochi na lenzi. Vua pete na saa kabla ya kushika chochote, tumia mikono miwili, na usiinue chombo juu sana ya meza. Bei unaweza kuomba ipunguzwe kidogo kwa upole. Ukitaja nusu ya bei umemkosea mtu heshima, na hatakutolea vile alivyovificha nyuma ya gari. Kabla ya hapo, nenda Makumbusho ya Kauri ya Kyushu huko Arita ukatazame mkusanyiko wa Shibata, vyombo zaidi ya 10,000 vilivyotolewa zawadi na mume na mke. Huko jicho linapata kipimo.

Sheria usizipuuze. Upanga ulioko Japani lazima uwe na cheti cha usajili, na kuutoa nchini kunahitaji kibali cha Bunkacho, idara ya serikali ya mambo ya utamaduni. Kutu ya chuma kilichofichwa ndani ya mpini usiisugue kamwe, kwa kuwa wataalamu husoma umri humo. Hazina za Taifa na Mali Muhimu za Kitamaduni haziuzwi nje, kwa sheria ya mwaka 1950. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo netsuke ya pembe (kinyago kidogo cha kuning'inizia vitu kwenye mshipi) uliyoinunua Tokyo inaweza kukamatwa uwanja wa ndege. Kama unataka netsuke, tafuta za mbao, ukaangalie matundu mawili ya kamba: kwenye zilizovaliwa kweli mara nyingi yamelainika upande kamba ilipovuta.

Nyumbani, kauri zishikize rafu kwa nta laini, maana Japani hutetemeka. Laka iwe mbali na jua na mashine ya kupoza hewa, kwa kuwa ukavu huipasua. Picha za ukiyo-e zitunze kwenye karatasi isiyo na asidi, bila utepe wa gundi wala kubandikwa. Ukiitundika moja, iwe ukuta usiofikiwa na jua, na baada ya miezi michache uirudishe kabatini uitoe nyingine.