Geuza vipimo vya perf kuwa maandishi kwenye seva ileile uliyopimia
Ukipima kasi ya programu kwenye Linux kwa perf, usikimbilie kuhamisha faili lake la vipimo, perf.data, pekee kwenda kwenye laptopu yako. Faili hilo lina anwani za kumbukumbu. Majina ya fanksheni hutafutwa baadaye, kutoka kwenye programu zilizomo kwenye seva. Ukilifungua kwingine utaona [unknown] kwenye mistari mingi. Mimi nilipoteza alasiri nzima nikidhani vipimo vimeharibika, kumbe vilikuwa sawa kabisa.

Fanya hivi palepale kwenye seva:

perf record -g -F 999 ./programu
perf script -F +pid > vipimo.perf

Hilo vipimo.perf ni maandishi matupu, na majina yaliyopatikana yamo. Lihamishe, fungua profiler.firefox.com, tovuti ya kutazama vipimo kwa michoro, kisha liburute na kuliachia kwenye ukurasa. Data hubaki ndani ya kivinjari chako mpaka wewe mwenyewe uamue kuipakia, kwa hiyo hata kazi ya mteja haivuji.

Michoro ya miito ya fanksheni ikikatika katikati, kwa C au C++ unda programu upya kwa chaguo la kompaila -fno-omit-frame-pointer. Ile -g ya perf record nayo usiisahau, bila hiyo hujui nani alimwita nani.