Kuchagua Ubao wa Kasia kwa Bahari Iliyochafuka

Katika pwani ya Diani kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapovuma na maji yakajaa hadi mawimbi yakavuka mwamba, anayesimama juu ya ubao na kasia mkononi hupigwa na viwimbi vya upepo ubavuni kabla hajalifikia wimbi alilolikusudia. Ubao uliomtulia vizuri asubuhi ya Januari unaweza kumshinda kabisa hapo.

Wauzaji wengi huanza na ujazo wa ubao, yaani lita zinazouwezesha kukuelesha, na hesabu hiyo ni ya lazima. Mtu wa kilo 75 aliyekwisha kuzoea kasia hutoshelezwa na lita 105 hadi 115, ilhali anayejifunza aende kwenye 130 au zaidi. Hata hivyo, ujazo peke yake hudanganya, kwa sababu lita zilezile zaweza kupatikana kwa unene au kwa upana. Ubao mnene usio na upana huelea juujuu kama kibuyu kitupu, na kila kiwimbi huurusha. Ubao wa futi 8 na nusu, wenye upana wa inchi 30 hadi 32 na unene wa inchi 4 hivi, hukaa ndani ya maji na kwenda nayo. Ubao wa kujazwa upepo, ambao mara nyingi una unene wa sentimita 15, siupendekezi kwa mawimbi ya namna hii.

Upana nao usipimwe katikati tu. Chukua futikamba, upime futi moja kutoka omo, yaani ncha ya mbele, na futi moja kutoka tezi, yaani ncha ya nyuma, kisha linganisha mbao mbili zenye inchi 31 katikati: ile iliyochongoka ncha zote mbili itakwenda mrama mara tu utakaposogeza mguu nyuma ili ugeuke, na ile iliyobakiza upana wake, hasa yenye tezi iliyokatwa mraba, itakuvumilia. Omo iwe imeinuka kiasi ili isichimbe maji wimbi linapokushusha, lakini ikiinuka mno ubao huwa mzito kusukuma, na mawimbi yatakupita.

Usilipe kabla ya kuujaribu siku ya upepo. Simama katikati, elekeza ubavu kwenye mawimbi, na ukae hivyo dakika tano, kasia likigusa maji kidogo tu. Angalia miguu yako: vidole vikiwa vinang'ang'ania ubao na magoti hayapati kulegea, upana wa ubao huo haukutoshi, hata kama lita zake zinatosha. Angalia pia ukingo, kwani maji yanapaswa kuufikia karibu na uso wa ubao. Ukiona umebaki juu sana, unene umezidi.

Kuhusu mapezi ya chini ya ubao, upande wa tezi, chagua ubao unaopokea matatu, la kati likiwa kubwa kuliko ya pembeni, kwa kuwa ndilo linalozuia tezi isiteleze viwimbi vinapousukuma ubao. Nunua na pezi fupi la akiba la katikati, ulibadilishe maji yanapokupwa, kwa maana pezi refu likikwama kwenye mwamba ubao husimama ghafla na wewe ukarushwa mbele, juu ya matumbawe.