Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Miji Miwili

Anayetaka kujua umbali wa safari ndefu ya ndege na aiweke kando ramani bapa, atafute tufe la dunia. New York na Madrid zote ziko takriban digrii 40 kaskazini mwa Ikweta, na kwa kutazama ramani ya ukutani mtu huamini kwamba ndege hunyoosha moja kwa moja kuelekea mashariki. Bana ncha ya uzi kwa kidole juu ya New York, uvute hadi Madrid mpaka ukaze, nawe utaona umepanda kaskazini mwa mstari huo kabla ya kushuka tena. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya kitu cha mviringo.

Kisha pima uzi huo kwa rula. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000, na tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 hivi, kwa hiyo kila sentimita ya uzi ni sawa na kilomita 425. Ukipata sentimita 13.6, umbali ni kilomita 5,780, makadirio yanayokaribia sana zile 5,770 zinazopatikana kwa hesabu kamili. Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili za baharini, zidisha kwa 1.852 ili upate kilomita.

Muda ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Ndege kubwa ya abiria huenda kwa takriban kilomita 850 hadi 900 kwa saa, lakini pepo kali za juu, ambazo katika maeneo hayo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, humsukuma anayeelekea Madrid na kumkabili anayerudi. Chukua mwendo wa kilomita 850 na upepo wa 80: kwenda, gawanya 5,770 kwa 930, kurudi, gawanya kwa 770. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kutua, nawe utapata karibu saa 6 na dakika 40 kwenda, na saa 8 kurudi. Ndiyo maana simwamini anayetaja muda mmoja kwa pande zote mbili.

Chunguza pia kama njia fupi iko wazi. Tangu mwaka 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti anga ya Urusi, na safari ya London hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua karibu saa 12, sasa huchukua karibu saa 14.

Mwisho, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kama zilivyoandikwa kwenye tiketi, kwa kuwa kila moja ni ya mji wake. Ukiondoka New York saa kumi na mbili jioni na kufika Madrid saa moja asubuhi, tofauti ya saa hizo za tiketi itakuwa saa 13. Ondoa saa 6 ambazo Madrid kwa kawaida imetangulia, zibaki 7 za safari yenyewe.