SOMO: Kufundisha mtandao wa neva kemia ya moto, kwa laptopu ya kawaida

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Inboksi yangu imejaa swali lilelile: "Mtandao wangu wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) umefaulu asilimia 99 lakini moto hauwaki." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naliweka hapa, na atakayeuliza tena nitamrushia kiungo.

Kwanza, kwa nini tunahangaika. Ukimodeli moto kwenye kompyuta, kinachokula muda mara nyingi ni kemia. Kuna radikali, vipande vya molekuli vyenye haraka ya kumenyuka, zinazozaliwa na kufa ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, na kuna gesi zinazobadilika taratibu, na kikokotoo lazima kimfuate yule mwenye haraka kuliko wote. Mwaka 1996 Christo, Masri na Nebot walichapisha jaribio la kuuweka mtandao wa neva mahali pa kikokotoo cha kemia, kwenye moto wa haidrojeni na kaboni dioksidi. Kwa hiyo wanaosema jambo hili limekuja na simu janja, hapana.

Hatua 1. Sakinisha Python, NumPy (ya hesabu), PyTorch (ya mitandao ya neva) na Cantera (kikokotoo cha kemia ya moto). Zote bure.

Hatua 2. Tumia faili la h2o2.yaml linalokuja na Cantera. Lina kemikali 10 tu. GRI-Mech 3.0, orodha ya kemia ya moto wa methani, ina kemikali 53 na mimenyuko 325; hiyo iache kwanza.

Hatua 3. Washa mioto mingi ya kompyuta: haidrojeni na hewa, presha ya angahewa 1, joto la kuanzia kati ya 1000 K na 1400 K. Uwiano kamili ni kama kilo 34 za hewa kwa kilo 1 ya haidrojeni. Zunguka hapo, juu na chini. Kila maikrosekunde hifadhi kwenye jedwali hali ya sasa (joto na kiasi cha kila kemikali) pamoja na hali ya maikrosekunde inayofuata.

Hatua 4. Mizani. Hapa ndipo watu wanapozama, someni polepole. Kwenye jedwali lako maji na naitrojeni ni namba kubwa za kuonekana, lakini H, O, OH na HO₂ mwanzoni ni vumbi, namba za 10⁻⁸ au chini ya hapo. Ukiziweka zote kati ya 0 na 1 kwa kugawanya na kubwa kuliko zote, lile vumbi la mwanzo linakuwa sifuri machoni pa mtandao. Tatizo ni kwamba lile vumbi ndilo linalowasha. H moja ikigonga O₂ zinatoka OH na O: mmoja ameingia, wawili wametoka, na hao nao wanaendelea kuzaana. Radikali ni kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo, lakini bila wao mji haukai. Kwa hiyo chukua logi ya kila radikali KABLA ya kusawazisha. Kwenye logi, ukuaji ule wa kuzaana unakuwa mstari ulionyooka, na mtandao unaushika kirahisi.

Tahadhari mbili. Logi ya sifuri haipo, kwa hiyo weka sakafu. Mimi naweka 10⁻¹². Usishuke hadi 10⁻³⁰, huko chini ni makosa ya kikokotoo tu, na mtandao utakesha ukikariri takataka. Ya pili: ndani ya maikrosekunde moja, sehemu kubwa ya jedwali haibadiliki kitu. Mtandao unaojibu "hakuna kilichobadilika" utapata hiyo 99 yako bila kujua kemia yoyote. Ufundishe badiliko lenyewe, kisha ulinganishe alama zake na za jibu hilo la kivivu.

Hatua 5. Tenga data ya mtihani kwa moto mzima mzima. Ukichanganya mistari ya moto mmoja kwenye mafunzo na kwenye mtihani, umevujisha mtihani.

Hatua 6. Fundisha. Matabaka mawili ya ndani, neva 30 kila moja, na tanh kama kipinda cha jibu la kila neva. Inatosha.

Hatua 7. Ulishe mtandao majibu yake wenyewe, hatua kwa hatua, mpaka moto uwake. Angalia umewaka baada ya muda gani. Hesabu atomu za H na O mwanzo na mwisho. Zikipungua, mtandao unakula atomu, rudi hatua ya 4.

MASWALI

Fundi Makorora: Mkuu, nimefanya yote, loss (kosa la mtandao) ipo chini kabisa, moto hauwaki.
Jibu: Umechukua logi?
Fundi Makorora: Logi ya nini?
Jibu: Hatua ya 4.

Binti Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tabaka la ndani ni lazima? Nimesoma kwamba perceptron ya Rosenblatt ya 1958, mtandao wa neva wa mwanzo, haikuwa na tabaka la ndani linalojifunza na bado ilijifunza.
Jibu: Marahaba binti, swali zuri sana. Ilijifunza vile vinavyotengwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Minsky na Papert mwaka 1969 wakaonyesha isivyoviweza. Sasa tazama moto: haidrojeni kwenye hewa ya kawaida ikiwa chini ya asilimia 4 hivi haiwaki, ikipita kama 75 haiwaki, inawaka katikati. Pale unahitaji mipaka miwili, na tabaka moja linakupa mmoja. Njia ya kurudisha kosa nyuma hadi tabaka la ndani ilipata umaarufu kwa makala ya Rumelhart, Hinton na Williams, 1986.

Mgosi wa Duga: Tuma programu yote inboksi, sina muda wa kusoma.
Jibu: Mgosi, na mimi sina muda wa kutuma.

Kijana wa Ngamiani: Laptopu yangu ina RAM 4, na umeme huku unakatika.
Jibu: Kwa kemikali 10 inatosha. Hifadhi uzito wa mtandao (namba ulizojifunza) kila baada ya muda, siyo mwisho tu. Na pakua PyTorch usiku kwa bando la usiku, toleo la CPU; lile la GPU litakumalizia bando bure.

Mama Hale: Kaka, sisi huku tunavutiwa na biogesi ya mabaki ya mkonge. Somo hili linafaa?
Jibu: Linafaa dada, ukishaiweza haidrojeni. Hamia GRI-Mech, kwani biogesi ni methani zaidi ya nusu, na iliyobaki karibu yote ni kaboni dioksidi. Hiyo haiungui, inabeba joto tu, kwa hiyo moto wako utakuwa wa baridi kuliko wa methani tupu. Ila ile harufu ya mayai viza ni gesi yenye salfa, na GRI-Mech haina salfa kabisa. Modeli haitakuonyesha madhara yake kwenye injini.

Mama Hale: Tunaiondoaje?
Jibu: Pitisha gesi kwenye bomba lenye vyuma vyenye kutu, kutu inainasa salfa. Ukija kuvimwaga vyuma hivyo vimwagie maji kwanza, uwanjani, mbali na makumbi makavu. Vikikutana na hewa vinapata moto vyenyewe, na vinaweza kuwaka.