Mabuu ya nzi wa kondoo jichoni: namna ya kuyatoa

Mgonjwa husema kitu kilimpiga jichoni akiwa machungani, kama punje ya mchanga. Saa chache baadaye jicho limekuwa jekundu, linatoa machozi, na anahisi kitu kinatembea. Muulize kuhusu kondoo na mbuzi kabla ya kumwandikia dawa ya macho mekundu. Nzi huyu, Oestrus ovis, hatagi mayai. Hurusha mabuu hai angali anaruka, akilenga pua ya mnyama, na jicho la mtu hupatwa kwa bahati mbaya.

Buu lina urefu wa milimita 1 hivi, ni jeupe ng'avu, na kichwani lina kulabu mbili nyeusi. Mara nyingi nukta hiyo nyeusi ndiyo utakayoiona kwanza, ikisogea.

Weka tone 1 au 2 la dawa ya ganzi ya macho, subiri dakika moja. Anza na mwanga hafifu, maana mabuu hukimbia mwanga na kujichimbia kwenye mkunjo chini ya kope. Tumia darubini ya macho; ukiikosa, lenzi ya kukuzia. Likamate kila buu kwa kibano chembamba, au lifagie kwa kijiti cha pamba kilicholowa.

Kosa kubwa ni kuishia kwenye kuosha kwa maji. Kulabu hushika utando wa jicho barabara, maji yakapita na buu likabaki. Kwa hiyo pindua kope la juu, fagia mkunjo wote hadi pembeni, kisha rudia na kope la chini. Ukipata moja, tafuta mengine. Huwa yanaingia kwa kundi. Malizia kwa kuosha na maji ya chumvi ya dripu.

Pima konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa rangi ya fluoreseini, inayoonyesha michubuko, mpe kloramfenikoli, dawa ya macho ya kuzuia maambukizi, na umwone tena kesho yake, kwani buu lililojificha hujitokeza baadaye. Usimpe chupa ya ganzi aende nayo nyumbani: ikitumika mara kwa mara huharibu konea.

Aliye mbali na zahanati aoshe kwa maji safi, asisugue, asitie tumbaku wala mafuta.

Zahanatini, panua mboni kwa dawa, uangalie hadi retina, utando wa nyuma ndani ya jicho. Akiona giza, vitu vinavyoelea au mimweko, au ukiona buu ndani ya jicho lenyewe, usiguse kitu: mpeleke kwa daktari bingwa wa macho siku hiyohiyo.