Kuchora na kijana aliyenyamaza: vile familia inaweza kukaa naye mwaka mzima na zaidi

Hii naandikia mzazi, halati, ami, dada mkubwa, yeyote mwenye kijana nyumbani ambaye amejifungia chumbani, chakula hataki, usiku macho mchana amelala, ukimuuliza una nini anakwambia sina kitu. Sisi tulikuwa naye, mwana wa dada yangu, alikuwa na miaka 17, hapa hapa Lamu. Kutoka siku ya kwanza aliposhika penseli mpaka tukasema sasa yuko sawa ilipita miaka miwili na kitu, na nataka ulijue hilo mapema manake familia nyingi huanza kwa nguvu kisha mwezi wa pili kijana akicheka kidogo wanasema amepona, wanaacha. Hapo ndipo usiache.

Kwanza kabisa hospitali. Kuchora hakuchukui nafasi ya daktari, na kama amepewa dawa asiziache kwa sababu sasa anachora. Nenda hospitali ya serikali, kama ni King Fahd hapa Lamu ama ile ya Malindi mjini, sema waziwazi shida ni ya akili na moyo si malaria, uulizie muuguzi wa akili au kaunsela. Kama nyumbani kwenu mnasoma dua au mnamnywesha kombe (maji yaliyooshea aya za Qurani) endeleeni, hakuna aliyewakataza, lakini dua isiwe sababu ya kukosa kliniki. Sisi tulipoteza karibu miezi mitano tukisema ni jini, na ile miezi mitano bado inaniuma.

Tiba ya sanaa ni kazi ya kusomewa. Jina lenyewe lilianza kutumiwa na mchoraji Muingereza, Adrian Hill, mwaka 1942. Miaka michache kabla alikuwa amelazwa sanatoriamu, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, akawa anachora kitandani akaona inamshikilia roho, kisha akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Kwa hivyo tangu mwanzo ni kitu cha watu wanaougua muda mrefu. Ukimpata aliyesomea, mshike. Usipompata, mwambie kaunsela wenu kwamba nyumbani mnachora, na kijana akikubali abebe picha moja moja aende nayo kliniki. Nyinyi wa nyumbani kazi yenu si kutibu, ni kumpa mahali na wakati na kunyamaza naye vizuri.

Sasa vile ya kufanya. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, isibadilike. Yetu ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, darini kwa sababu pana upepo na hapana watu, dakika 45 hadi saa nzima basi. Ramadhani tulihamisha baada ya tarawehe, lakini hatukuruka. Akikataa kuja usimvute, wewe kaa, panga karatasi, chora yako. Sisi wiki sita za kwanza mimi nilichora peke yangu na yeye amelala mkekani amenipa mgongo, wiki ya saba akaomba makaa.

Vifaa visikusumbue. Karatasi ya manila, penseli, kreyoni, makaa ya jikoni, chaki, magazeti ya zamani na gundi ya maji. Ila kuna siri hapa: kijana ambaye moyo unamwenda mbio anza naye na vitu anavyoweza kuvidhibiti, penseli, kreyoni, kukata na kubandika. Rangi ya maji na udongo uliolowa vinatiririka, vinaweza kumfungulia mambo mengi kwa mpigo kabla hajawa tayari, hivyo viache mpaka azoee. Gundi ya mafundi viatu na rangi za tina (thinner) msilete kabisa, na makasi na wembe vihesabiwe kabla na baada.

Wazee wengine hawapendi picha za watu na wanyama, kwetu pia bibi alisema hivyo, na hakuna haja ya kugombana. Hapa mji wote umejaa sanaa ambayo haina kiumbe. Mwende mkaangalie milango ya kuchonga mtaa wa Mkomani, nakshi za plasta kwenye vidaka vya nyumba za zamani, mumwache anakili ua moja tu kisha aendelee anavyotaka. Kuna kusuka ukili, kuna hina na piko kwa wasichana, kuna khati, yale maandishi ya Kiarabu ya kupambwa. Na kwa wavulana kuna kushona kofia, hii nitaisifu sana, kofia moja nzuri ya mkono inachukua hata miezi, tundu kwa tundu, mikono ina kazi na macho yako chini, kwa hivyo maneno yanatoka bila mtu kutazamwa usoni. Kijana wetu mambo mazito yote aliyasema akiwa ameinamia kofia, barazani, kando ya babu yake ambaye hakuwa akimuuliza kitu.

Akimaliza kuchora usimuulize "hii ni nini?" na usimwambie "ni nzuri mashallah" kila mara, manake ataanza kukuchorea wewe ufurahi. Sema "nieleze kidogo" au "huku umebonyeza sana penseli", kisha nyamaza. Asiposema sawa. Usifasiri pia, eti rangi nyeusi ni uchawi, eti nyumba bila mlango ni hivi, nyeusi yaweza kuwa ndio kreyoni iliyobaki ndefu. Picha ni yake. Usiiweke stetasi ya WhatsApp, usimwonyeshe jirani, usiitundike ukutani bila ruhusa. Andika tarehe nyuma, weka kwenye faili, na kila baada ya miezi mitatu minne mfungue pamoja. Hapo yeye mwenyewe huona alikotoka, kwetu alizitazama zile za kaskazi na za kusi akasema "hizi za kwanza zote ziko pembeni ya karatasi". Mimi sikuwa nimeona.

Familia nayo ina kazi yake na ni ngumu kuliko kuchora. Kaeni kikao bila yeye kwanza, mgawane: nani anampeleka kliniki, nani anashika dawa, nani anakaa naye Jumamosi, nani anawazuia wageni wenye maswali. Baba asiseme mvivu, mama asilie mbele yake kila siku, na asilinganishwe na mwana wa fulani aliyefaulu mitihani. Kisha kikao cha pili na yeye awepo, mumuulize nini kinamsaidia na nini kinamkera, na mkifuate. Wetu alitaka kitu kimoja tu, tuache kumgongea mlango kila nusu saa. Tukakubaliana mara mbili kwa siku. Na wewe unayekaa naye tafuta mtu wa kusema naye pia, mimi mwaka wa kwanza niliumwa na mgongo na kichwa na hakukuwa na ugonjwa.

Akianza kugawa vitu vyake, kuaga aga, au kusema mngekuwa bora bila mimi, muulize wazi "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na kamba na visu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Simu za bure hapa Kenya ni 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto. Na usimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume na katiba.

Atarudi nyuma, mjue. Wetu alirudi mara mbili, mara moja karibu na mitihani na mara moja alipofariki rafiki yake baharini, na kila mara tulirudi pale pale Jumamosi baada ya alasiri, makaa na manila. Siku ya kumaliza nayo msiikate ghafla, mwambieni miezi miwili kabla, mpunguze iwe wiki mbili mara moja kisha mwezi. Jumamosi ya mwisho mpeni faili lote aamue mwenyewe. Wetu alichagua tano, zilizobaki akazichana polepole moja moja, mamake akainama kuziokota nikamshika mkono.