Kubadilisha sivi jointi ya nje kwenye Noah ya zamani

Ndugu zangu wa Kigoma, ukikata kona kali na gurudumu la mbele likalia ka-ka-ka, hiyo ni sivi jointi ya nje, yaani kiungo kinachounganisha shafti inayozungusha gurudumu na gurudumu lenyewe. Gari likitetemeka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, kisha likatulia ukiachia, shuku ya ndani, ile ya upande wa gia boksi. Hapa nazungumzia ya nje, kwa Noah inayovuta kwa mbele. Mara nyingi kinachoiua ni buti, ile raba inayoifunika. Raba ikipasuka, grisi inarushwa nje na vumbi letu linaingia kusaga gololi.

Gari likiwa bado chini, mwenzako akanyage breki, wewe legeza nati ya habu, ile kubwa ya katikati ya gurudumu. Toyota nyingi hutumia soketi 30. Usisubiri likiwa kwenye jeki, maana nguvu inayohitajika hapo inaweza kuliangusha gari. Kisha inua, weka stendi, toa tairi.

Achanisha bol jointi ya chini (inayoshikilia habu kwenye mkono wa chini), vuta habu shafti itoke, huku ukichunga paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki) visivutwe. Shafti yenyewe usiivute kwa nguvu, jointi ya ndani itaachana.

Kata buti, futa grisi, gonga ile nyota ya chuma ya katikati ya jointi kwa kipande cha shaba mpaka jointi itoke. Nenda nayo dukani! Hesabu meno ya ndani, ya nje, na ya ringi ya ABS kama ipo. Zinafanana kwa macho, lakini hazifanani.

Buti mpya na mkanda wake vinatangulia kwenye shafti, halafu klipu mpya (ringi ndogo inayoshika jointi kwenye shafti), halafu jointi. Igonge taratibu hadi klipu inase, kisha ivute kuhakikisha. Jaza grisi nyeusi iliyokuja nayo, yote, funga mikanda. Rudisha habu na bol jointi. Nati mpya uikaze tairi likiwa chini, karibu Nm 216 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa Toyota nyingi za aina hii.

Maswali ya wanachama

Kaka, fundi anataka kuhamishia shafti ya kushoto upande wa kulia ili kelele iishe. Nimkubalie?

Hapana dada. Kwenye Noah hii urefu wa shafti mbili haulingani.

Shikamoo fundi. Buti imepasuka, kelele bado haijaanza. Ninunue jointi?

Marahaba. Ifungue kwanza, ioshe kwa petroli, ilaze gololi zionekane, pitisha ukucha kwenye mifereji. Ukucha ukikwama, jointi imekwisha. Ukiteleza, buti na grisi vinatosha. Grisi ya kawaida ya beringi usitie, tumia ile nyeusi ya molibdenamu.

Naweza kwenda nayo Uvinza ikilia?

Ikilia hata barabara imenyooka, usitoke. Ikikatika, gia inaingia lakini gari haliendi, na kwa gia otomatiki hata P haishiki tena. Ukisimama mlimani, kanyaga breki ya maegesho na utie jiwe kwenye tairi kabla hujashuka.